Mtu Asiyeitwa Msibani

Mwalimu wetu wa maziko alichelewa kila mahali isipokuwa msibani. Kipindi cha saa mbili aliingia saa mbili na nusu, shati limechomekwa upande mmoja, akiomba chaki kwa watu ambao nao hawana. Vikao vya walimu alivifikia wakati watu wanaagana. Lakini ikija habari kwamba kuna mtu amefariki, awe nani na awe wapi, ulimkuta getini na mkoba wake wa turubai kabla hujamaliza kufunga viatu, anakutazama kama wewe ndiye unayemchelewesha marehemu.

Jina lake silitaji. Chuoni walimu walikuwa kumi na wawili, lakini ukisema "Mwalimu" hakuna aliyeuliza yupi.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, pembeni mwa mji wa Shinyanga, kwenye majengo ambayo zamani yalikuwa maghala ya pamba. Tulisomea shahada ya uzamili ya mambo ya dini, dini zote kwa pamoja: wachungaji, maustadhi, makatekista, masista wawili, na mjukuu wa mganga kutoka Bariadi aliyesema amekuja kuisoma dini ya babu yake kabla wageni hawajaimaliza. Mkuu wa chuo alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza hata siku moja: watu wa dini moja hawalali chumba kimoja. Mimi nilipangiwa na Zuhura, mwalimu wa madrasa kutoka Ujiji, mwanamke mwenye simu iliyoadhini alfajiri kwa sauti ya kuamsha waliozikwa. Mwezi wa kwanza niliichukia ile simu. Kisha Zuhura akaenda kwao wiki moja kumzika shangazi yake, nami nikaamka saa ile ile mwenyewe, chumba kimya, nikakaa kitandani nikalia bila sababu ya maana.

Sababu ilikuwepo, nisijifanye. Nilikuwa mpweke. Nilitoka Rungwe, kwenye mvua na migomba, nikaletwa kwenye nchi ya vumbi na majabali ambako nikienda sokoni naambiwa "Mwangaluka," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, nami najibu "Nzuri," watu wanacheka. Nikisema mimi ni mchungaji wananiuliza mume wangu anahudumu wapi. Sikuwa na mume, na nilichoka kueleza.

Wa kwanza kuligundua hilo alikuwa Mwalimu, na aliligundua kwa njia ya aibu. Ramadhani yetu ya kwanza tulikubaliana wote kwamba jiko la chuo lisipike mchana, na sisi tusiofunga tupewe chakula chetu asubuhi tukiweke vyumbani. Mimi kwa kumwonea haya Zuhura nikawa nakula maandazi bafuni, nimefungulia maji ili nisisikike nikitafuna. Siku moja natoka, nakutana na Mwalimu ananawa kwenye bomba la nje. Akanitazama mdomoni.

"Binti yangu," akasema, "unaoga na maandazi?"

Nikajifuta mdomo.

"Zuhura anajua tangu juzi. Anaona haya kukwambia ule mezani, na wewe unaona haya kula mezani. Nendeni mkaoneane haya pamoja, angalau msiwe kila mtu peke yake."

Jioni ile Zuhura alinisogezea uji wake wa futari, na kuanzia hapo tukawa ndugu. Lakini nilibaki najiuliza mtu yule anajuaje mambo ya kula kwa kujificha.

Dini yake hatukuijua. Ijumaa alikaa nje ya msikiti mjini akilinda viatu vya watu. Jumapili alikaa benchi la nyuma la kanisa lolote lililokuwa karibu, na ibada ikianza tu, kichwa kinaanguka kifuani anasinzia. Katekista Masanja, mwanadarasa mwenzetu kutoka Kishapu ambaye hakuwa na breki mdomoni, alimuuliza siku moja mbele ya darasa zima.

"Mwalimu, wewe hasa ni wa wapi?"

"Mimi ni wa kuchimba," akajibu, na akaendelea kufuta ubao.

Ubani ulimpigisha chafya. Mahubiri marefu makaburini yalimkasirisha kuliko dhambi yenyewe, alikuwa na tabia ya kusogea karibu na mhubiri na kumnong'oneza, "Maiti hana haraka, lakini wafiwa wana njaa." Alikuwa bahili wa maksi. Mimi alinipa sufuri kwa zoezi la kumfariji mama aliyefiwa kwa sababu nilisema maneno mia mbili. Aliyahesabu. Pembeni akaandika: "Huyu mama ulimpa muda gani wa kulia?" Mtu huyo huyo aliyetufundisha kwamba mkubwa ni anayekubali kushindwa, ukicheza naye bao akaona unamfunga, anakumbuka ghafla ana kikao.

Somo lake halikufundishika ndani ya maghala. Karibu kila mwezi alitupakia kwenye gari la chuo hadi upande wa Geita, kwenye machimbo madogo, ambako vijana wanashuka kwenye duara, yaani shimo lao la dhahabu, kwa kamba na tochi ya kichwani, na siku nyingine hawapandi. Pale watu wanajuana kwa majina ya kupachikana. Mtu anakufa, wenzake wamefanya naye kazi miaka miwili, hakuna anayejua kwao wala anasali wapi. Wachimbaji walikuwa wamezoea kutupigia simu. Tulikwenda, tukauliza, tukatafuta ndugu, na ndugu wakikosekana tukaamua.

Huko ndiko nilikofanya kosa langu. Kijana mmoja alifukiwa na kifusi, wenzake walimwita Shabani. Ndugu hawakupatikana, joto lilikuwa kali, zamu ya uongozi ilikuwa yangu. Nikasema: Shabani ni Mwislamu. Wanaume Waislamu wa machimboni wakamwosha, wakamvika sanda, maustadhi wetu wakamsalia, akazikwa vizuri. Mwalimu alikuwa ameniuliza mara moja tu, "Una hakika?" nami nikasema ninayo. Siku ya tatu akaja kaka yake kutoka Sengerema. Kijana alibatizwa, aliimba kwaya. Shabani lilikuwa jina la mwenye duka aliyemlea mjini, wenzake wakamwita kwa jina la bosi wake. Nilipaswa kujua. Usukumani jina halikwambii dini. Wapo akina Juma wazee wa kanisa na akina Petro wanaokwenda Ijumaa.

Yule kaka alinisikiliza hadi mwisho. "Mlimwosha?"

"Walimwosha watu wazima, kwa maji safi."

"Watu walikuwepo?"

"Walijaa."

"Basi wabeja," akasema. Asante. "Mimi ndiye ambaye sikuwepo." Akaenda kusimama pembeni mwa kaburi, peke yake.

Mwalimu hakunigombeza. Njiani kurudi alisema tu kwamba kosa la kumzika mtu kwa sala nyingine linasameheka, ila kosa la kutomzika hajui linasamehewa na nani. Nikadhani ananipoza. Sikujua kwamba alikuwa anazungumzia maisha yake.

Alikuwa na kanuni nyingine aliyotushindilia vichwani: usiingie kwenye msiba wa watu bila kuitwa na wenye msiba. Hata uwe askofu. Hata uwe shehe wa mkoa. Kaa nje, piga hodi, ngoja. Mwenye kukuita ni yule ambaye wafu ni wake. Tuliona ni adabu tu ya kizee.

Siku za gulio la Tinde hakuja chuoni kabisa. Alirudi jioni na kifuko cha michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, akatugawia darasani kesho yake. Mwaka wa pili, nikiwa natafuta kitenge, nikaomba kufuatana naye. Tulipofika hakwenda kwenye nguo wala kwenye nafaka. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mmoja mrefu aliyekaa nyuma ya wauza nyanya na kifuko mapajani.

"Huyu ni dada yangu," akaniambia. "Amenilea."

Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu. Wewe ndiye wa maandazi?"

Kumbe nilikuwa maarufu hadi Tinde. Nikakaa kando yao. Hawakuzungumza mengi. Yule mama alimpa habari za waliofariki kijijini kwao tangu gulio lililopita, mmoja mmoja, na Mwalimu alisikiliza jinsi wanaume wengine wanavyosikiliza mpira redioni. Aliuliza vitu vya ajabu. Walichimba wangapi? Udongo ulikuwa mgumu? Nani alitangulia kushika jembe? Dada akajibu yote. Kijiji kilikuwa na kundi la misiba kwenye simu, kila nyumba imo, naye Mwalimu hakuwemo. Dada ndiye aliyekuwa kundi lake.

Mwishoni yule mama akamshika mkono. Hakujali kwamba nipo.

"Na mimi nikifa, mdogo wangu? Utakuja?"

"Nikiitwa."

"Waombe radhi. Neno moja tu. Mimi nimezeeka."

Mwalimu akaangalia nyanya za watu. "Nataka kukuzika, dada," akasema. "Hakuna kitu ninachokitaka kama hicho. Lakini neno hilo sina."

Masanja, aliyekuwa na shangazi maeneo hayo, ndiye aliyenieleza. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, Mwalimu akiwa bado anaishi kijijini, kulikuwa na mjane mmoja mzee aliyetengwa. Walisema ni mchawi. Mtu akitengwa kule hapewi moto, hapewi salamu, na akifa hakuna anayekwenda kumzika. Anayekwenda anaingia kwenye kutengwa kwake. Yule mjane akafa. Siku mbili mlango umefungwa, kijiji kizima kinajua. Siku ya tatu Mwalimu akachukua jembe, akaenda bila kuitwa, akachimba peke yake tangu asubuhi hadi saa kumi, akamzika. Kijiji kikakaa kikao. Wakamtaka ng'ombe mmoja, na aseme mbele za watu kwamba alikosea. Ng'ombe alimleta siku ile ile. Kusema akakataa. Wakamrudishia ng'ombe wake, na hakuna aliyemwita msibani tena.

"Angesema tu," Masanja aliniambia. "Sisi wote tunasema. Mtu anasema, maisha yanaendelea."

Nilimpenda Mwalimu kuliko kabla. Nakiri nilimpenda vibaya pia, nilimfanya mali yangu. Nilipohitimu na kupewa usharika mdogo upande wa Tinde, nilihubiri habari zake mara nne bila kumtaja: mtu mmoja aliyekataa kusema neno moja la uongo. Waumini walitikisa vichwa. Ilinisaidia kuishi. Nyumba ya mchungaji ilikuwa na vyumba vinne na mimi ndani yake peke yangu, hakuna simu ya Zuhura ya kuniamsha, na nikijisikia vibaya nilijiambia kwamba yupo mtu aliyekaa peke yake kwa heshima miaka yote hiyo, na mimi naweza. Kila Jumatatu nilikwenda chuoni kumsaidia kusahihisha kazi za wanafunzi. Alikuwa amezeeka. Bado alichelewa.

Siku moja asubuhi mzee wa kanisa alinipigia: mama yetu mmoja wa kule kijijini amefariki, mazishi ni saa nane mchana, Mchungaji tunakuhitaji. Aliponitajia nyumba, nikajua ni dada yake Mwalimu. Kabla sijavaa viatu, simu ikaita tena. Alikuwa Mwalimu.

"Umeitwa?" akauliza.

"Nimeitwa, Mwalimu. Pole. Pole sana."

"Basi nenda," akasema. "Usichelewe."

Nilipofika, vijana walikuwa wanachimba nyuma ya nyumba. Yeye alikuwa amesimama ng'ambo ya ua wa minyaa, kwenye njia ya ng'ombe, kofia mkononi. Kila anayepita alimwona na hakuna aliyemsalimu. Watoto nao walipita kimya, na watoto hawajafundishwa, wanaona tu wakubwa wanavyofanya.

Nikaenda kwa mzee anayesimamia misiba ya kijiji, nikamsalimu, nikamwambia aliyesimama kule ni mdogo wa marehemu na hana ndugu mwingine. Alinisikiliza kwa upole. Hakuwa mtu mbaya. Ningefurahi angekuwa mbaya.

"Mchungaji, hatuna ugomvi naye. Ng'ombe tulishamsamehe. Aseme tu mbele za watu kwamba alikosea kumzika yule mama. Akisema, aje achimbe."

"Na asiposema?"

"Atasimama pale pale. Na akiingia hajasema, vijana wataweka majembe chini. Kaburi utalifukia wewe na joho lako."

Nikatembea hadi kwenye minyaa. Zilikuwa hatua hamsini hivi na kila moja niliomba. Sitaficha niliomba nini. Niliomba akatae. Nilijua anataka nini, nilimsikia kwa masikio yangu gulioni, na bado niliomba akatae, kwa sababu bila kukataa kwake sikujua ningeishije kwenye ile nyumba ya vyumba vinne.

Nikampa maneno ya mzee kama yalivyo. Hakuniuliza nionavyo.

"Kaburi limefika wapi?" akasema.

"Kiunoni."

"Bado lina kazi, basi."

Akanipita. Akaingia uani, watu wakafunguka njia, akasimama mbele ya wale wazee na kichwa wazi. Alisema kwa Kisukuma, sauti ya chini. Mtu mmoja nyuma akasema hajasikia. Mwalimu akarudia kwa Kiswahili, polepole, kama anavyomsomea mtu imla.

"Nilikosea kumzika yule mama."

Kisha akamtaja yule mjane kwa jina lake. Sisi wanafunzi hakuwahi kututajia. Palikuwa na mwanamke mmoja mtu mzima aliyefunika uso kwa khanga aliposikia, na yule mzee msimamizi akaangalia chini, na nikaona kwamba hakuna aliyefurahi. Mzee akamnyooshea jembe. Mwalimu akavua koti, akashuka kaburini. Vijana wakataka kumpokea baada ya muda, kwa adabu tu, akawakatalia. Alichimba hadi mwisho. Jasho lilimtoka, na machozi, na hakufuta hata kimoja.

Nilihubiri kidogo sana. Udongo wa kwanza aliurusha yeye.

Baadaye alinisindikiza hadi barabarani. Mikono yake ilikuwa na vumbi jekundu hadi kwenye viwiko. Nilikuwa na hasira, na hasira ya mchungaji ni mbaya kwa sababu anaipa jina jingine.

"Mwalimu," nikasema, "uliamini ulichosema?"

"Hapana."

"Miaka yote ile. Sasa imekuwa nini?"

Alifikiri. Hakuwa na haraka.

"Nilipomzika yule mama niliona haya kwamba amelala peke yake," akasema. "Dada yangu angelala na udongo wa kijiji kizima isipokuwa wangu. Nimeshindwa, binti yangu. Nimelinganisha, nimeshindwa." Akatazama mikono yake. "Na Jumatatu usinisubiri. Kipindi kile kifundishe wewe. Mimi siwezi tena kusimama mbele za watu nikawaambia kila maiti azikwe."

"Mimi siwezi pia."

"Wewe hujasema neno lile. Unaweza."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi nisingesema, na papo hapo nikajua hiyo si sifa: mimi nisingekuwa hata na mtu wa kunifanya niseme. Nikapanda pikipiki ya kukodi. Tulipofika kwenye kona nikageuka. Alikuwa amerudi uani, na yule mzee msimamizi alikuwa anasogea kwenye mkeka ili kumpisha. Mwalimu akakaa katikati yao, akaletewa maji ya kunawa.

Jumatatu nilikwenda chuoni. Niliingia saa mbili kamili, wanafunzi kumi na mmoja wakainua vichwa, maustadhi na masista na wachungaji wamekaa walivyochanganyika, na mmoja akauliza Mwalimu yuko wapi.

Ilinibidi nigeukie ubao kwanza.

"Yuko kwao," nikasema.